Theluji ya Gavana

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie sifa nisizokuwa nazo. Nimemwonea wivu wifi yangu kwa mkono wake wa mapishi, nimewaonea wivu watoto wa shule kwa madaftari yao mapya, na mwaka mmoja nilimwonea wivu jirani aliyevunjika mguu, kwa jinsi watu walivyomiminika kumjulia hali. Lakini wivu ulioniumbua niliupata nikiwa na miaka hamsini na tisa, hapahapa Dubai, kwa ajili ya gavana wa Kimarekani aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa.

Gavana mwenyewe hakunikosea kitu. Niliyemwonea kijicho alikuwa askari wa mlangoni.

Nianze na Madam. Alifundisha Kiingereza katika shule niliyofanya ukarani miaka ishirini na mbili, na mumewe alipofariki alibaki katika nyumba yao ya ghorofa ya tisa, Al Barsha, nyuma ya lile jumba la maduka lenye theluji ndani. Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Akikutazama usoni hakuoni; akilitazama sikio lako, uso unamjia kidogo kwa pembeni. Kwa hiyo kila tulipozungumza ilikuwa kama anaongea na hereni yangu.

Babu wa babu yake alikuwa gavana wa jimbo moja la kaskazini ya Marekani, zama za farasi na taa za mafuta. Dada yake Madam alipofariki huko kwao, sanduku la karatasi za mzee huyo lilisafirishwa mpaka Dubai: shajara, barua, hotuba, madaftari ya bustani. Madam akaamua kuyaandika maisha yake yawe kitabu kabla macho hayajazimika kabisa. Shida ilikuwa mwandiko. Herufi zilikuwa zimelala ubavu, zimeshikana mikono kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Watu wawili waliitwa wakashindwa. Ndipo akanikumbuka mimi.

Mwandiko ule kwangu haukuwa kitu. Baba yangu alikuwa karani wa mahakama Unguja kabla hatujahamia huku, na alinifundisha kusoma kwa hati za zamani za mashamba. Wenzangu walijifunza ubaoni, mimi nilijifunza kwenye mirathi ya watu. Nilipofungua shajara ya Gavana mara ya kwanza nikasoma ukurasa mzima bila kukwama, Madam alinishika mkono, akalitazama sikio langu, akasema, "Wewe ndiye macho yangu."

Neno lile nililibeba mpaka nyumbani kwangu Rashidiya. Kwenye treni niliketi katika behewa la wanawake, nikawatazama wenzangu na simu zao, nikasema moyoni kwamba hawajui wamekaa na nani.

Basi tukaanza. Jumatatu hadi Alhamisi, saa tisa mchana, nafika, nanawa mikono kwa sabuni isiyo na harufu, najikausha. Hizo zilikuwa sheria zake: mikono mikavu, hakuna losheni, hakuna chai mezani, na karatasi hata moja haitoki nje ya chumba kile. Nasoma kwa sauti, halafu nanakili daftarini kwa herufi za kisasa. Alasiri ikiingia nasali katika chumba cha wageni, ambako Madam mwenyewe alinitandikia taulo jipya na kuweka kiti upande wa kibla ili nisikosee. Kisha naendelea mpaka jua linakaribia kuchwa.

Nilimjua Gavana kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu. Alizaliwa mtoto wa saba wa mkulima ambaye shamba lake lilikuwa mawe matupu. Alipofika miaka kumi na miwili wazazi walimpeleka kwa mwenye kiwanda cha kuchapa magazeti, katika mji ulio kando ya mto, afunge mkataba wa miaka saba kwa chakula, kitanda na koti moja kila mwaka, na akitoroka anasakwa na kurudishwa.

"Kumbe huyo ndiye kafeel wake," nilimwambia Madam, kwa neno la huku la mdhamini anayemshikilia mfanyakazi mgeni.

Alicheka mpaka akajifuta macho. Neno hilo aliliingiza kwenye maelezo yake, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Sheria alijisomea mwenyewe nyuma ya mtambo, vidole vikiwa vyeusi kwa wino. Akawa wakili, akaingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo, na akiwa na miaka arobaini na mmoja akachaguliwa gavana, tena mara mbili. Alifungua shule za watoto wa wakulima. Aliwakatalia wenye watumwa waliokuja kudai watu waliotorokea jimboni kwake. Hayo niliyasoma polepole, maana katika hati alizonifundishia baba yangu majina ya watu yalikuwa yameorodheshwa pamoja na minazi. Mwishoni alitaka kuwa seneta akashindwa kwa kura chache, akarudi mjini kwao kupanda mipeasi mpaka akafa.

Katika maisha yote hayo kulikuwa na mtu mmoja asiyekwisha. Alikuwa mwanafunzi mwenzake katika kile kiwanda cha uchapaji, na walilala dari moja miaka saba. Mwenzake alikuwa na vidole vyepesi kuliko vyake, aliimba kanisani, wasichana walimchekea akipita. Kila sifa aliyopewa mwenzake, Gavana aliiandika shajarani. Leo bwana amesifu kazi yake mbele yangu. Leo ameimba na watu wamelia. Kalamu ile niliitambua. Hata wino ulikuwa umekandamizwa zaidi mahali hapo.

Miaka ikapita. Mmoja akawa gavana. Mwenzake akapigana siku ya uchaguzi, akampiga mtu kichwani kwa fimbo, mtu akafa, akafungwa miaka kumi. Katika nchi ile gavana ana uwezo wa kumsamehe mfungwa, na nje ya ofisi yake palikuwa na benchi la akina mama na wake za watu, kila asubuhi, na maombi yao mkononi. Mji mzima ulitia sahihi ombi la huyu mwenzake. Hadithi ya ukoo wa Madam, aliyoisikia akiwa mapajani kwa bibi yake, ilisema kwamba Gavana alitia sahihi msamaha siku ileile, akampa tarishi wa farasi, lakini theluji ikaanguka, njia zikafungwa, na msamaha ukafika gerezani siku mbili baada ya mwenzake kufa kwa homa.

Theluji hiyo ndiyo ingekuwa moyo wa kitabu. Kilichokosekana kilikuwa ushahidi, barua moja ya Gavana mwenyewe inayoitaja. "Lazima ipo humu," Madam alikuwa akisema, akigonga sanduku kwa kidole. Nami nilijua kwamba siku nitakapoipata na kumsomea, nitakuwa macho yake mpaka mwisho wa maisha yake au yangu.

Askari alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Alileta kifurushi ghorofani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kutoka Masaka, Uganda, mrefu, viatu vinang'aa, anayekaa mapokezi kutwa nzima akiwafungulia watu milango. Picha ya Gavana ilikuwa mezani. Akaitazama, akamuuliza Madam kwa Kiingereza kilichonyooka, "Huyu alikuwa wakati ule maseneta wakichaguliwa na baraza la jimbo, au wakati wananchi wanapiga kura wenyewe?"

Mimi nilikuwa nimesoma miezi mitatu na sikujua kwamba palikuwa na tofauti. Nilidhani zile kura chache zilikuwa za nchi nzima. Madam aligeuka kwenye kiti chake kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Wakazungumza nusu saa, wima, mlango wazi. Kumbe alikuwa mwalimu wa historia miaka kumi na mmoja kabla ya kuja huku. Jambo hilo lingetosha kunitia huruma, lakini halikunitia.

Tangu wiki ile akawa anapanda wakati wa mapumziko yake, saa kumi, kwa saa moja. Kazi yake ilikuwa kuchapa kwenye kompyuta yale niliyoyanakili. Halafu Madam akamwomba amsomee alichochapa. Akasoma. Lazima nimtendee haki hata kama inaniuma: ana sauti nzito, ya pole, inayojua mahali pa kusimama. Gavana alikuwa karatasi mdomoni mwangu. Kwake alikuwa mtu.

"Sauti yake inamfaa Gavana," alisema Madam.

Na yangu ilimfaa nani? Mimi niliyekaa na mwandiko ule mpaka shingo ikauma, kazi yangu sasa ilikuwa kuvunja nazi ili mwenzangu akamue tui. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Huyu alikuja, na ndipo mimi nikaanza kuugua.

Nilianza kuhesabu mambo. Yeye alipewa kahawa katika kikombe cha bluu. Mimi miezi yote nilikunywa maji jikoni, kwa sababu ya sheria ya meza. Yeye alinunuliwa biskuti. Nikienda kusali Alasiri nawasikia wanacheka. Mungu anisamehe, ziko rakaa nilizosali huku sikio langu likiwa sebuleni, na siku moja nilimaliza upesi mno hata nikarudi na alama ya taulo kwenye paji la uso, nikauliza, "Mnacheka nini?" Wakaniambia. Hakikuwa kitu cha kuchekesha.

Naye alikuwa na adabu mpaka inakera, ananiita nyabo, yaani bibi kwa lugha ya kwao.

"Nyabo, hapa umeandika nini? Mimi naona kama pea."

"Ni pea. Gavana alipanda mipeasi."

"Asante sana, nyabo. Hii mwandiko yake ni ngumu. Bila wewe, sisi wote hapa bure."

"Mwandiko wake ni mgumu," nikamsahihisha.

"Mwandiko wake ni mgumu," akarudia, akainamisha kichwa, akaendelea kuchapa. Nilitamani anijibu jeuri walau mara moja, nipate pa kushika.

Jumanne moja Madam alisema jambo ambalo pengine yeye mwenyewe hakulipima. Alisema, "Tukiipata barua ya theluji, wewe utainakili, halafu yeye atatusomea. Nataka niisikie mara ya kwanza kwa sauti yake." Kisha akaenda chumbani kutia dawa ya macho.

Nilibaki peke yangu na daftari la mipeasi, ambalo hakuna aliyelijali. Jalada lake lilikuwa la kitambaa, na upande wa nyuma lilikuwa nene kuliko wa mbele. Nikaingiza kidole kwenye mshono uliofumuka. Nikatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua kwa mama wa yule mwenzake aliyefia gerezani, haikuwahi kutumwa, na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: Mama, hapakuwa na theluji.

Nikasikia lifti inafunguka, halafu viatu vile vinavyong'aa vinakuja ushorobani. Nikaitia barua katika mkoba wangu, nikafunga zipu. Nikijitetea husema sikupata muda wa kufikiri. Si kweli. Nilifikiri, tena upesi: huyu hataisoma.

Nyumbani nilijifungia chumbani, nikawasha taa ya mezani. Barua ilikuwa fupi. Gavana aliandika kwamba njia ilikuwa kavu siku zote zile. Msamaha aliutia sahihi siku ileile ombi lilipoletwa, ila aliufungia katika droo ya meza yake siku kumi na tisa. Sikutaka afe, aliandika. Nilitaka kwa siku chache tu awe mdogo, na mimi nijue kuwa ni mdogo. Kila asubuhi niliifungua droo, nikaiona karatasi, nikaifunga. Siku ya kumi na saba akafa kwa homa, na mimi kwa kutokujua nikamfungia siku mbili zaidi. Mtu mmoja akataja theluji, nami sikumkanusha.

Mtu mwema angeisoma barua ile akaamka asubuhi kuirudisha. Mimi niliisoma mara tatu, nikalia kidogo kwa ajili ya mama yule, nikafuta pua, nikaiweka barua katikati ya mabaibui yangu kabatini. Nilijiambia naitunza. Kila nilipofungua kabati kuvaa, niliitazama, nikafunga.

Alhamisi jioni nikafukiza nguo kama kawaida. Kwetu nguo haivaliwi hivihivi. Kaa linawekwa katika chetezo, udi juu yake, milango ya kabati inaachwa wazi nusu saa mpaka moshi unaingia kila kunjo. Mama yangu alifanya hivyo Unguja, nami nafanya hivyo Rashidiya, na baada ya miaka yote hiyo pua yangu haiisikii tena harufu ile. Wageni ndio huniambia. Alhamisi iliyofuata nikafukiza tena.

Huku Al Barsha, Madam alichoka kusubiri ushahidi. Alisema ataiandika theluji bila barua, maana hadithi ya bibi yake inatosha. Sura ile hakunipa mimi niiandike kwa mkono. Alimtamkia askari maneno, aichape moja kwa moja. Nami nilikaa pembeni na daftari langu la mipeasi. Madam aliweka theluji juu ya theluji. Farasi akazama mpaka kifuani. Barafu ikashika ndevu za tarishi. Tarishi akakiweka kifuko cha barua ndani ya shati lake kisije kikalowa. Nilijua hakuna hata tone la kweli, na ilikuwa sura nzuri kuliko zote tulizowahi kuandika.

"Madam, mimi sijaona theluji, ila ile ya hapa dukani," askari alisema. "Lakini leo nasikia baridi."

Madam akatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Ukurasa wa kwanza wa kitabu nitawashukuru nyote wawili," alisema.

Nyote wawili! Mimi wa miezi mitano na mtu wa miezi miwili, katika sentensi moja, kama vijiko viwili vya bei moja. Na furaha usoni mwa Madam ilikuwa imeelekea kwa askari, kwenye sikio lake.

Ningependa kusema dhamiri ndiyo iliyonisuta. Ningesema nilimfikiria yule mama wa mfungwa, au ukweli, au heshima ya baba yangu aliyekula kiapo cha ukarani. Haikuwa hivyo. Ulikuwa wivu uleule ulioniibisha. Sikuweza kuvumilia sura nzuri kuliko zote itoke kwenye vidole vyake, na mimi nilikuwa na karatasi ya kuibomoa.

Jumatatu nikaja nayo mkobani. Nilinawa mikono kuliko siku zote. Madam alipogeukia dirisha nikaichomeka ndani ya jalada la daftari la mipeasi, nikasubiri saa kumi ifike, askari apande, awepo ashuhudie. Alipokaa tu kwenye kompyuta nikapaza sauti.

"Madam! Kuna kitu humu! Ndani ya jalada!"

Nilisema vizuri. Nilikuwa nimejizoeza kwenye treni.

Madam alisimama akatafuta meza kwa mikono. "Nipe," akasema. Nikampa. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaifungua mikunjo yake minne, akaisogeza karibu na uso kama alivyozoea, jicho likitafuta pembe ya kuonea. Halafu akatulia. Akaishusha kidogo, akaileta tena, mara hii si machoni. Akavuta pumzi kwa pua.

Akachukua daftari la mipeasi, akalinusa. Akanusa shajara. Akarudi kwenye barua.

"Sanduku hili linanuka kafuri na vumbi," alisema polepole. "Hii inanuka wewe."

Nikainua kiganja changu, nikakinusa.

"Si mikono yako. Mikono yako unanawa, naisikia sabuni. Hii ni nguo zako. Karatasi hii imelala kwako, na si siku moja."

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na changu kilikuwa nguoni kweli, kwenye kabati, kinafukizwa udi kila Alhamisi na mimi mwenyewe. Nilimtazama askari. Nilitegemea nione furaha, maana mimi ningefurahi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Isome," Madam alimwambia, akamnyooshea barua.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza kwenye mwanga, akakunja uso. Midomo yake ilicheza bila sauti. Dakika nzima ikapita, na nilijua kwa nini: Gavana siku ile mkono ulikuwa ukimtetemeka, herufi zilikuwa zimeangukiana. Mwishowe akainuka, akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea karatasi mbele.

"Nyabo," alisema, "hii ni yako. Mimi siwezi."

Basi nikaisoma, kwa sauti yangu hii isiyomfaa gavana yeyote. Mama, hapakuwa na theluji. Nilisoma habari ya njia kavu, nikasoma habari ya droo. Nilipofika pale aliposema alitaka mwenzake awe mdogo kwa siku chache, nilikwama. Nikarudia sentensi ile mara mbili ndipo ikatoka yote. Nilisoma mpaka jina lake chini.

Madam alikuwa ameketi. Machozi yalikuwa yanamtoka taratibu bila uso kukunjika. Theluji ya bibi yake ilikuwa imeyeyuka, na mimi ndiye niliyeichelewesha na mimi ndiye niliyeileta.

"Aliufungia siku ngapi?" aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Na wewe barua hii unayo tangu lini?"

"Tangu Jumanne ile. Ulipokwenda kutia dawa."

Alihesabu kwa vidole, mkono mmoja kisha mwingine, kisha akarudi kwenye wa kwanza. Nilijua anafika ngapi kabla hajafika.

"Ishirini," alisema. "Umemzidi siku moja."

Niliinuka nikatafuta mtandio wangu. Nilisema samahani, nilisema kwa Kiingereza, nikasema tena kwa Kiswahili ambacho haelewi. Kazi nilijua imekwisha. Khalas. Miezi mitano ya kuwa macho ya mtu, na nilikuwa nimeyatoboa mwenyewe. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Kesho saa tisa," alisema. Hakulitazama sikio langu. Alinitazama usoni, mahali asipoona kitu. "Kuna mtu mmoja tu Dubai hii anayeweza kumsoma babu yangu, na kitabu hakijakwisha. Lakini mkoba wako hautaingia tena humu. Utauacha chini, kwa askari."

Sura ya theluji aliifuta yote, farasi na ndevu na kifuko. Mpya inaanza na maneno yale ya Gavana, na askari ndiye anayeisoma kila tukiirudia, kwa sauti ile. Ukurasa wa shukrani bado haujaandikwa, na simwulizi mtu.

Kila siku saa tisa kasorobo nafika mapokezi. Namkabidhi mkoba wangu. Anaupokea kwa mikono miwili kama alivyoipokea ile barua, anasema, "Karibu, nyabo," anaufungia katika droo ya meza yake, na ufunguo anautia mfukoni. Jua likikaribia kuchwa nashuka, ananirudishia, anasema, "Salama, nyabo." Hajawahi kuligusia jambo lile, si kwa neno wala kwa jicho.

Mwanzoni nilikuwa nikifika kwenye treni nafungua mkoba kukagua. Ndani mna simu ya akiba, tasbihi, dawa zangu, vitambaa, barua za wanangu. Halafu nikaanza kuweka mtego. Navuta zipu mpaka jino fulani na kulikumbuka, naacha uzi mweusi umebanwa kwenye meno yake, mahali ambapo anayefungua lazima ataudondosha. Nimefanya hivyo mwezi wa pili sasa. Behewani nainamia mkoba kama mtu aliyepoteza kitu, nautazama uzi, na kila siku uzi upo palepale. Natamani siku moja nisiuone.